Sanduku la fundi si chuma chakavu

Ndugu msomaji, juma hili tuzungumze kuhusu sanduku. Sina maana ya sanduku la kura, ambalo limeshazungumzwa vya kutosha, wala sanduku la bibi harusi. Nazungumzia sanduku la vifaa la fundi seremala. Lile la mbao, zito, lenye vishikio pembeni, ambalo zamani ukiliona limetuliwa mbele ya nyumba ulijua kuna mlango unaotengenezwa, kuna kitanda cha maharusi, au kuna msiba. Fundi yule yule aliyetutengenezea kitanda ndiye aliyetutengenezea jeneza, na vifaa vilitoka katika sanduku moja.

Historia yetu tumezoea kuifundisha kwa majina ya watawala, vita na mikataba. Tunduma yenyewe hutajwa zaidi kwa sababu ya mpaka na foleni ya malori. Lakini mpaka hauna nyumba hata moja iliyojijenga yenyewe. Reli, stesheni, makanisa, misikiti, shule na maduka ya pande zile vilijengwa na watu waliokuwa na kifaa mkononi. Watu hao hawakuandika vitabu. Walichotuachia ni masanduku yao, na sisi tunayauza kwa kilo.

Hebu tuanze mbali kidogo, kabla sanduku halijafika. Nchi ambayo tangu mwaka 2016 tunaiita Mkoa wa Songwe ilikuwa nchi ya mafundi kabla ya mgeni yeyote kuja na misumari. Wanyiha wa Mbozi walifua chuma. Jirani zao Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo, marefu kuliko mtu aliyesimama, yaliyovuta hewa yenyewe bila kupulizwa. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika kijitanuri kidogo kwa mivukuto, ndipo kikafuliwa kuwa jembe, shoka, mkuki au tezo. Kwa shoka na tezo hizo watu walichonga vinu, vigoda, mizinga ya nyuki na milango.

Fundi mkuu wa tanuri huko Ufipa alikuwa na kikapu kilichoitwa intangala. Ndani yake aliweka dawa na vitu ambavyo, kwa imani ya wakati ule, bila hivyo tanuri lisingezaa chuma. Tanuri jipya lilitunzwa kama bibi harusi, na mwenye kikapu ndiye aliyeongoza kazi. Mtu wa leo anaweza kucheka akasema huo ulikuwa ushirikina. Mimi naliona jambo jingine ndani yake. Wazee wale walijua kwamba ujuzi unahitaji chombo cha kuuhifadhi, na chombo hicho kinahitaji mtu maalumu wa kukitunza na mtu maalumu wa kukirithi. Kikapu kile ndicho kilichokuwa sanduku la fundi wa zama zile.

Sanduku la mbao lilikuja baadaye, kwa njia ya miguu. Mwaka 1881 kazi ya kutengeneza barabara iliyoitwa ya Stevenson ilianza, kutoka Karonga kwenye Ziwa Nyasa kuelekea Ziwa Tanganyika, ikipita kusini kidogo ya mahali ilipo Tunduma. Kwa njia hiyo vilibebwa vipande vya meli ya mvuke iliyoitwa Good News, mali ya wamisionari wa London, ambayo ilishushwa katika maji ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Fikiria meli nzima inapita porini mabegani mwa watu, na pamoja nayo vifaa vya kuiunganisha.

Miaka ya 1890 Waskoti wa Livingstonia walifungua misheni ya Mwenzo, upande ambao sasa ni Zambia, miongoni mwa Wanyamwanga ambao wamekaa pande zote mbili za mpaka. Chuo chao kikuu cha Khondowe huko Nyasa kilifundisha useremala, uashi na uchapaji pamoja na kusoma na kuandika. Upande wetu Wamoravian walianza Rungwe mwaka 1891 na kufika Mbozi mwaka 1899. Misheni bila seremala haikuwezekana: dawati, dirisha, paa na mimbari vilihitaji mtu. Kijana aliyeingia karakana ya misheni akiwa mchunga ng'ombe alitoka akiwa fundi, na akarudi kijijini na msumeno.

Lakini tusidhani kwamba kila kitu kilitoka kwa wamisionari. Fungua sanduku la fundi usikilize majina ya vitu vilivyomo. Shoka na nyundo ni maneno yetu ya Kibantu, ya tangu na tangu. Randa ni neno la Kiajemi, nalo hata huko India wanalitumia kwa kifaa hicho hicho. Msumari ni Kiarabu. Parafujo na meza ni Kireno. Futi na skwea ni Kiingereza. Sanduku moja la seremala wa Vwawa, mbali kabisa na pwani, lina habari za Bahari ya Hindi nzima ndani yake. Kuna jahazi humo, kuna Mreno, kuna Mhindi aliyekuja na reli. Kuna Kalasinga, ambaye ufundi wake wa mbao na chuma ulijulikana Afrika Mashariki yote tangu ujenzi wa Reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Nani amewahi kuona kitabu cha historia kinachoeleza mambo yote hayo kwa kufunguliwa mfuniko mmoja tu?

Sanduku lililonifanya nifikiri haya yote nililiona Tunduma, nilipokwenda huko kwa kazi zetu za redio. Mwenyewe ni mzee wa umri wa miaka themanini hivi, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hapendi. Nilimkuta uani kwake nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akanipa kigoda, na baada ya kuzungumza mawili matatu akasema, "Mwanangu, kama ni historia unayotafuta, nisaidie kulitoa lile sanduku ndani." Tulilibeba wawili na bado lilitutoa jasho.

Kwa nje halina uzuri. Limepakwa rangi ya kijivu ambayo imebanduka, na juu ya mfuniko kuna makovu ya misumari na alama za vikombe vya chai. Ni sanduku lililotumika kama kiti, kama ngazi na kama meza ya kulia. Lakini ukifungua, ndani ni mninga mtupu, mwekundu, umelainishwa ukateleza kama kigae. Kona zake hazina msumari hata mmoja. Ubao umechongwa meno yanayopanuka kama mkia wa ndege, yakaingia katika ubao wa pili yakashikana, na kadiri unavyovuta ndivyo yanavyozidi kubana. Kuna visanduku viwili vidogo vya kuteleza, kimoja juu ya kingine, na kila kifaa kina nyumba yake.

Aliniambia alilitengeneza mwenyewe mwishoni mwa uanagenzi wake. Bwana wake, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya Mwenzo, hakuwa na cheti cha kumpa. Alimpa mbao na kumwambia, tengeneza sanduku. Likifunga bila mwanga kupita, uende zako ukafanye kazi, na lisipofunga ubaki. Lilifunga. Hicho ndicho cheti chake, na mpaka leo ukiweka taa ndani na kufunga mfuniko huoni mwanga.

Kisha akaanza kutoa kimoja kimoja. Lilitoka randa la mbao, refu kama mkono, ambalo upande wake wa mbele limegongwa herufi za watu wawili. Za kwanza ni za bwana wake, za pili ni zake mwenyewe. Huo ni utaratibu wa zamani wa maseremala: anayerithi kifaa hafuti jina la aliyemtangulia, anaongeza lake chini. Likatoka randa la chuma la Stanley, aina ambayo kampuni hiyo ya Marekani ilianza kuitengeneza baada ya kununua haki za uvumbuzi wa Leonard Bailey mwaka 1869. Likatoka jingine la Record kutoka Sheffield, Uingereza. Ikatoka tezo iliyofuliwa na mhunzi wa Mbozi. Zikatoka patasi sita, keekee, timazi, pimamaji, tupa ya pembe tatu na jiwe la kunolea ambalo katikati limeliwa likawa bonde.

Chini kabisa kulikuwa na randa dogo la mbao lenye kipini kilichopita kwa upana, kikatokeza pande mbili kama pembe za mbuzi. Hilo alipewa na fundi wa Kichina kambini, wakati wa kujenga Reli ya Uhuru. Ujenzi ulianza mwaka 1970, reli ikafika Tunduma mwaka 1973, na mwaka 1976 ilikabidhiwa rasmi ikiwa na urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Mzee wetu alikuwa kijana wa kutengeneza fremu za kumwagia zege. Hakujua Kichina na yule fundi hakujua Kiswahili. "Tulizungumza kwa mbao," akaniambia. "Akikuangalia unavyoshika patasi anajua wewe ni nani."

Nikamwuliza mbona patasi zake hazilingani urefu. Akacheka. Zilikuwa sawa zilipokuwa mpya. Ile anayoitumia zaidi imenolewa mara nyingi hata imebaki nusu, na ile ambayo haina kazi nyingi bado ni ndefu. Msumeno wake nao, ambao zamani ulikuwa mpana kama kiganja, umekuwa mwembamba kwa kupigwa tupa miaka hamsini. Kwa maneno mengine, chuma kilichopungua kiko kwenye milango ya watu. Ukitaka kujua amefanya kazi kiasi gani, huna haja ya kuuliza. Pima kilichokosekana.

Hapa, ndugu msomaji, naomba tutoke Tunduma kidogo twende kwa wenzetu, tuone wao wameyafanyia nini masanduku ya mafundi wao. Katika jumba la makumbusho la Rochester, Uingereza, limehifadhiwa sanduku la kijana aitwaye Benjamin Seaton. Mwaka 1796 baba yake alimnunulia vifaa kamili vya useremala kutoka London, na mwaka 1797 kijana akatengeneza sanduku la kuviweka. Akaandika pia orodha ya kila kifaa na bei yake. Vifaa hivyo havikutumika sana. Ndiyo maana zaidi ya miaka mia mbili baadaye viko kamili, na wataalamu wanakwenda kujifunza hapo jinsi msumeno na randa la zama zile vilivyokuwa.

Huko Marekani nako kuna sanduku la Henry Studley, aliyezaliwa mwaka 1838 na kufariki mwaka 1925, fundi wa kutengeneza piano huko Massachusetts. Sanduku lake la kutundika ukutani, likifungwa, halizidi mita moja kwa nusu mita. Lakini ndani limemeza vifaa karibu mia tatu, kila kimoja katika kitalu chake, vikifunikana tabaka kwa tabaka. Limepambwa kwa miti ya thamani, pembe za ndovu na magamba ya chaza yanayong'aa. Liliwahi kuoneshwa katika makumbusho ya taifa mjini Washington, na watu walisimama mbele yake kama wanaotazama madhabahu.

Ukiyatazama masanduku hayo mawili utaona kwamba la kwanza lilisalimika kwa sababu halikuchoshwa na kazi, na la pili lilisalimika kwa sababu ya uzuri uliopita kiasi. Sanduku la mzee wa Tunduma halina bahati hizo mbili. Limechoka, wala halina pembe za ndovu. Kwa kipimo cha wakusanya vitu vya kale halifiki popote. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kulitunza. Linatuonesha kifaa kilichofanya kazi mpaka mwisho, na namna kilivyotunzwa ili kifike mwisho huo.

Kwani kutunza ni ujuzi mkubwa kuliko kununua. Kila jioni mzee yule alifuta vifaa kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kuvilaza. Tusilidharau tendo hilo. Meli yetu ya Liemba ilikuja Kigoma vipande vipande kutoka Ujerumani na kuanza kazi ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui, lakini mafundi wao waliipaka mitambo grisi kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka minane chini ya maji, na grisi ya fundi ikashinda kutu. Anayejua kutunza chombo anamfanyia kazi hata mtu ambaye hajamwona.

Sasa tuangalie hatari iliyopo. Mzee aliniambia kwamba kijana mmoja mwenye mizani, katika wale wanaopita mitaani kununua vyuma chakavu, alikwisha kuja mara mbili kuulizia sanduku. Alitaka vyuma vyote kwa kilo. Mbao, alisema, zitafaa kwa kuni. Mzee alimwuliza swali moja: "Na jina la bwana wangu lililogongwa hapa, utalipima kilo ngapi?" Kijana akaondoka. Lakini sote tunajua kwamba siku mzee atakapofumba macho, kijana atarudi, na safari hiyo hataulizwa swali. Watoto wa mzee ni watu wazuri, ila mmoja yuko kwenye malori na mwingine ana duka la simu. Hakuna hata mmoja anayejua kunoa msumeno.

Siwalaumu, na mzee mwenyewe hawalaumu. Wala si mpinzani wa mashine. Jirani yake ana karakana yenye msumeno wa umeme na mashine ya randa, na kazi zake zinauzika. Lakini jirani huyo huyo huja kuazima patasi anapotaka kutoboa mahali pa kitasa, na umeme ukikatika karakana nzima hukaa kivulini. Kuna jambo zito zaidi. Misumeno mingi ya mkono inayouzwa siku hizi ina meno yaliyokaushwa kwa moto hata tupa haiyashiki. Ikiwa butu unaitupa na kununua nyingine. Msumeno wa zamani ulimlazimisha mwenye nao ajifunze kunoa na kupanga meno, jino moja kulia, jino moja kushoto. Kifaa kinachonoleka kinamfundisha mwenye nacho, na kile cha kutupa kinamrudisha dukani kila mara. Tukipoteza vile vya kwanza tutabaki na mafundi wanaojua kununua tu.

Na jambo hili limekuja wakati wake. Mwaka 2024 shule zetu za sekondari zilianza mkondo wa amali, kufuatia sera ya elimu iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023. Tumerudi kusema kwamba mtoto afundishwe kazi ya mikono, jambo ambalo Elimu ya Kujitegemea ililisema tangu mwaka 1967. Ni vyema. Lakini useremala haufundishwi ubaoni. Mwanafunzi anahitaji kuona mkono wa mtu aliyekwisha kukosea mara elfu akajua sababu. Mikono hiyo ipo Tunduma, Vwawa, Mlowo na Ileje, na mingi imekaa uani bila kuulizwa chochote.

Mapendekezo yangu ni machache na hayahitaji wafadhili. Kwanza, shule yenye mkondo huo imwalike fundi mzee wa kata yake, aje na sanduku lake, afundishe kunoa tu. Siku moja kwa muhula inatosha kuanzia. Pili, familia yenye sanduku la marehemu isiliuze kimoja kimoja kabla ya kuuliza kama kuna mwanagenzi aliyejifunza kwa marehemu huyo. Apewe huyo kwanza, hata kwa mkopo. Tatu, tuige lile jambo moja la kijana Seaton ambalo ni rahisi kuliko yote: orodha. Chukua daftari, mkalishe mzee kitini, andika jina la kila kifaa, kilitoka wapi, kilimpita nani, kilitengeneza nini. Mjukuu wa darasa la sita anaweza kazi hiyo, na akimaliza ameandika historia ya mji wake.

Jambo la nne ni kwa wakubwa wa mkoa. Wageni wanaokuja Songwe huenda Mbozi kutazama kimondo, lile pande la chuma la tani 16 hivi lililoanguka kutoka angani, ambalo limejulikana kwa wataalamu tangu mwaka 1930. Kimewekewa ulinzi, kimeandikiwa maelezo, na ni haki yake. Basi itakuwa aibu gani kwetu ikiwa chuma ambacho hakikufanyiwa kazi na mtu yeyote kinalindwa, na chuma ambacho mababu zetu walikichimba, wakakiyeyusha, wakakifua na kukinoa mpaka kikaisha, kinapelekwa mizanini? Chumba kimoja karibu na kimondo kile, chenye jembe la Mnyiha, tezo ya mhunzi, randa la misheni na lile randa la Mchina lenye pembe, kingemweleza mgeni kuhusu Songwe mambo ambayo jiwe la angani haliwezi.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ujuzi nao ni mali. Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna sanduku la babu lililosukumiwa chini ya kitanda, lifungue leo. Futa kutu, tia mafuta, na kama babu yungali hai, muulize jina la kifaa cha kwanza utakachokishika.